Mgongo Uliokatazwa Ardhi

Leo natega kitendawili, wajukuu zangu, lakini mkishindwa msinipe mji. Desturi naijua: mtegaji akitega, wenzake wakikosa jibu humpa mji, naye akiupenda husema amekwenda huko akala akashiba, ndipo awaambie jibu. Mimi miji sitaki tena. Iko nchi moja ilitoa mji kwa mchezo, na mpaka leo haijapona. Jina lake silitaji, maana wenyewe hukasirika wakitajwa, na hukasirika zaidi wakisahauliwa. Msiniulize iko wapi. Iko mbali sana. Hata wanaoishi ndani yake wako mbali nayo.

Nchi hiyo ilipenda mieleka kuliko wali. Sisemi mieleka ya ugomvi, ya watu kuvunjana mbavu. Nasema ile ya maonyesho, yenye ulingo na kamba na kaptula za kumetameta, ambayo wachezaji hupatana mapema nani atainua na nani ataanguka. Kila mtu alijua kuwa wamepatana. Watu hawakwenda kuona nani atashinda. Walikwenda kuona ataanguka vipi.

Na kuanguka kuzuri kulikuwa mnadani, kwa Bi Mashavu. Siku ambazo ng'ombe hawauzwi, Bi Mashavu alifagia samadi, akatandika godoro la usumba, akafunga kamba kwenye vigingi vya mafahali, na hapo pakawa ulingo. Wachezaji wake walikuwa mchoma mkaa, muuza samaki na wengine wa namna hiyo, watu wenye kazi zao. Mwamuzi alikuwa Pandu, fundi baiskeli mwenye jicho moja, na watu walimwamini kwa sababu ndiye mwamuzi pekee nchini aliyekiri kuwa upande wa pili haoni. Bi Mashavu mwenyewe alikuwa mama wa mikono minene, na ulimi wake ungeng'arisha sufuria iliyoungua.

Kwake kulikuwa na desturi moja. Kabla ya kushikana, mmoja humtega mwenzake kitendawili. Akishindwa hutoa mji. Watazamaji wakiukataa huo, hutoa mwingine, mpaka waridhike, kisha ndipo aanguke. Miji yote ya nchi ile ilikwisha kugawiwa pale mnadani, bandari na ikulu zikiwemo, na hakuna aliyewahi kufungasha vyombo.

Aliyeanguka vizuri kuliko wote aliitwa Vuai. Bi Mashavu alimfundisha tangu ndevu hazijaota. Jina lake la ulingoni lilikuwa Nazi Mbivu. Akipigwa, kwanza aliyumba kama mtu anayekumbuka kitu alichosahau nyumbani, halafu akaja chini mzimamzima, mgongo ukapiga godoro kwa kishindo mpaka ng'ombe wa zizi la jirani wakainua vichwa. Kina mama wakashika vinywa. Naye, akiwa bado chini, akafumba jicho moja na kulifumbua, na uwanja mzima ukalipuka kwa vicheko.

"Kuinua mtu ni nguvu," Bi Mashavu alizoea kuwaambia wachezaji wake. "Kuanguka ni adabu."

Sasa, upande wa pili wa mji ulikuwepo Ulingo Mkuu wa Taifa, wenye marumaru mpaka chooni. Huo ulikuwa chini ya Wizara ya Mieleka na Utulivu, na waziri wake alikuwa Mheshimiwa Daktari Bakuza. Udaktari wake ulikuwa wa mieleka, kutoka chuo kikuu alichokifungua mwenyewe asubuhi. Mchana akahitimu, na jioni chuo kikafungwa kwa kukosa wanafunzi.

Mheshimiwa Bakuza alikuwa na falsafa. Alisema taifa ambalo bingwa wake haanguki nalo halianguki. Kwa hiyo akaamuru apatikane bingwa ambaye hataanguka milele. Kamati ikazunguka nchi nzima kutafuta mgongo unaofaa. Walipima migongo ya wapagazi na ya wanajeshi, na mwisho wakafika mnadani, wakamwona Vuai, wakapenda jinsi mgongo wake ulivyonyooka. Hawakujiuliza umenyooshwa na nini. Wakampa nyumba na gari na jina jipya, Mgongo wa Taifa, wakaondoka naye. Ndiyo kusema, walimchukua mtu ambaye kazi yake yote duniani ilikuwa kuanguka, wakamwajiri asianguke.

Bi Mashavu alitema mate chini, akasema msaliti huyo asikanyage tena pale.

Siku ileile ikatoka Sheria ya Mgongo. Mgongo wa bingwa, ilisema, ni alama ya taifa sawa na bendera, na hautagusa ardhi usiku wala mchana. Kwa kuogopa sheria, wasaidizi waliongeza na kitanda, na mkeka, na jamvi. Vuai akawa analala ameketi kitini, ubavuni kwake amesimama Afisa Mgongo wa kumzindua akianza kupinda. Homa ilipompata, walimtibu wima, amefungwa kwenye nguzo kwa kanga mbili. Mama yake mzazi alipofariki alikwenda matangani, na watu wote wakalala chini kwenye majamvi kama ilivyo ada, ila yeye akaketi kitini katikati ya waliolala, kama mtu anayechunga mbuzi. Hapo ndipo wanawake walipoanza kumhurumia.

Na michezo yake, mnajua ilikuwaje? Wapinzani walianguka kabla hajawagusa. Mmoja alianguka nyumbani kwake, akatuma salamu. Akapewa nishani ya kujituma. Viti vya Ulingo Mkuu vilijaa kila wiki, maana kuja kulikuwa amri, na kila mtaa ulikuwa na Afisa Makofi wake wa kuonyesha wapi pa kupiga. Watu walijifunza kupiga makofi wakiwa wamesinzia. Kumbe mnadani, ambako hakuna aliyeamrishwa, watu walipanda hadi juu ya mapaa ya mazizi.

Hilo ndilo lililomnyima Mheshimiwa usingizi, ingawa yeye kitanda aliruhusiwa.

Kabla sijaendelea niwaeleze habari ya kipaza sauti, maana bila hiyo hamtaelewa lililotokea. Nchini humo, neno lolote la Mheshimiwa likipita kwenye kipaza sauti lilikuwa sheria palepale. Halikuhitaji bunge. Siku moja alisema kwa bahati mbaya kuwa leo ni Jumatatu, nayo ni Jumatano. Wiki ikarudishwa nyuma, watoto wakarudia masomo ya jana na juzi, na siku ya soko ikapotea mpaka leo. Siku nyingine alipiga chafya. Ikachapwa katika gazeti la serikali, na mahakimu wangali wanabishana kama adhabu ya kuivunja ni faini au kifungo.

Basi akakishika kipaza sauti chake na kutangaza kwamba hakuna raia kuanguka hadharani bila kibali. Pale mnadani mchoma mkaa alikuwa ndiyo kwanza amembeba muuza samaki begani. Hakuweza kumwangusha. Pandu akapanda baiskeli kwenda kuomba kibali, na ofisi ya vibali ikamwambia arudi kesho. Watu walikuja wengi zaidi ya siku zote, kumtazama muuza samaki akila chakula chake begani na kuitikia salamu za wateja. Kibali kilipotoka, anguko lake lilishangiliwa mpaka Ulingo Mkuu watu wakazinduka.

Hapo Mheshimiwa akaja mwenyewe.

Alikuja na msururu wa magari, akaruka kamba badala ya kupita langoni, na kiatu chake cheupe kikazama kwenye samadi.

"Nani mwenye kijiwe hiki?" akauliza.

"Ni huyu unayemkanyagia mbolea yake," Bi Mashavu akamjibu bila kuinuka. "Fahali wote wanaouzwa hapa hupita langoni, Mheshimiwa. Wewe ni wa kwanza kuruka."

"Mama, unajua unazungumza na nani?"

"Najua. Tena hapa ukisimama zaidi watakupangia bei."

Watu wakacheka, na hilo likawa kosa lao. Mheshimiwa akanyoosha mkono, akawekewa kipaza sauti, akatangaza kwa sauti tamu kabisa. Siku ya Mgongo, sikukuu ya taifa, kundi zima la mnadani litakuja Ulingo Mkuu na kuanguka mbele ya Mgongo wa Taifa, mmoja baada ya mwingine. Mgongo wa mwisho wa kundi hilo utakapogusa ardhi, kundi litakuwa limekufa kisheria, na mnada huo utakuwa maegesho ya magari. Asiyekuja ataangukia gerezani.

Alipoondoka, Pandu alisema wafanye nini tena, wamekwisha. Bi Mashavu akamwambia aliyekwisha ni yeye na baiskeli yake. Kisha akakaa kwenye godoro la usumba, akalipapasa kama mtu anayempapasa mgonjwa, akasema mgongo wa mwisho utakuwa wake, na hatauweka chini mpaka dakika ya mwisho kabisa.

Siku ya Mgongo ikafika. Bendera, bendi, hotuba. Vuai akasimamishwa katikati ya ulingo, mgongo unang'aa kwa mafuta, macho mekundu kama pilipili. Kundi la mnadani likaanza kupanda. Mchoma mkaa akaanguka. Jamani, alianguka. Muuza samaki akajirusha juu, akajizungusha, akatua kama kikapu cha dagaa kilichomwagwa. Watu waliokuwa wamesinzia viti vya nyuma wakaamka, wakaanza kushangilia, na Maafisa Makofi wakahangaika kuwaonyesha kuwa hapo si mahali pa kupiga. Taifa zima lilikuwa linashangilia walioanguka, na aliyesimama hakuna aliyemtazama. Mheshimiwa akatafuna mdomo.

Akabaki Bi Mashavu. Alipanda ngazi polepole, akasimama mbele ya Vuai. Vuai akanong'ona bila kutikisa midomo, "Mama, anguka taratibu. Godoro la huku ni ubao mtupu."

"Usiniite mama," Bi Mashavu akamjibu. "Mgongo wa serikali hauna mama."

Kijana wa watu akainamisha macho. Bi Mashavu akawageukia watazamaji, akasema yeye ni mtu wa mnadani, na mnadani mtu haanguki kabla hajatega kitendawili. Uwanja mzima ukaitikia kuwa na atege.

Mheshimiwa Bakuza akaona hiyo ni nafasi ya kuonyesha usomi wake. Akachukua kipaza sauti. Bingwa, alisema, haongei na waangukao, kwa hiyo atajibu yeye mwenyewe. Na kwa kuwa serikali yake inaheshimu mila, desturi ifuatwe yote: akishindwa, anatoa mji. Alicheka aliposema hivyo. Vipaza sauti vikakoroma, na ikawa sheria.

"Kitendawili," Bi Mashavu akasema.

"Tega," uwanja ukajibu.

"Jabari wangu hajapata kuangushwa, kwa kuwa hajapata kusimama."

Ninyi mmeshajua. Hata watoto waliopakatwa siku ile walijua. Lakini Mheshimiwa alitulia. Akafikiri ni Vuai, akaona huyo amesimama. Akafikiri ni yeye mwenyewe, jasho likamtoka. Halafu akafikiri ni Mkuu wa Nchi, na jasho likarudi ndani. Akawageukia washauri wake. Washauri wakatazama viatu. Katibu wake alidhani jibu ni waziri, mkuu wa polisi alidhani jibu ni katibu, na Afisa Makofi Mkuu alidhani jibu ni wote. Kila mmoja alikuwa na jibu, na kila jibu lilikuwa na kifungo chake.

"Toa mji," watu wakaanza. "Toa mji, toa mji."

Mheshimiwa akatoa kijiji kimoja cha wafuga mbuzi. Watu wakakikataa, wakasema kina nzi na hakina daraja. Akafuta uso, kisha ghafla akatabasamu. Alikuwa amekumbuka Neema Mpya.

Neema Mpya, wajukuu zangu, ulikuwa mji mzuri kuliko yote nchini. Ulikuwa na hospitali ya rufaa, soko la ghorofa na barabara za lami zenye taa. Ulijengwa kila mwaka. Kila waziri aliyepita aliongeza kitu: huyu mnara, yule bustani. Ulikuwa na meya, na kwenye uchaguzi ulikuwa wa kwanza kuleta kura, tena ukazidisha. Upungufu wake ulikuwa mmoja tu, kwamba haukuwepo. Mahali pake palikuwa nyasi na ndege yangeyange.

"Nakupa Neema Mpya," Mheshimiwa akasema, "na vyote vilivyomo. Wako kuanzia sasa."

Viongozi wakapiga makofi ya nafuu. Kumpa mtu kitu ambacho hakipo, nani angeumia?

"Nimekwenda Neema Mpya," Bi Mashavu akasema, "nikala, nikashiba. Jibu ni kivuli."

Kisha kutoka viti vya nyuma sauti ikauliza, kwa upole kabisa, "Mheshimiwa, kwani wewe ulidhani ni nani?"

Kicheko kilichofuata hakikuwa cha furaha. Kilikuwa kama mvua ya mawe juu ya bati. Watu walicheka wakimtazama usoni, na walioogopa kumtazama walicheka wakitazama kivuli chake. Mheshimiwa akapiga kelele kwenye kipaza sauti kuwa sherehe imeahirishwa, na mama huyu ataangukia hukohuko kwenye mji wake, mbele ya Mgongo wa Taifa, siku ya makabidhiano. Alitaka kumzika mbali na macho ya watu. Alisahau kuwa watu wana miguu.

Safari ilikuwa ndefu. Msafara ulitangulia, na nyuma yake watu kwa malori na baiskeli na punda. Meya wa Neema Mpya, aliyekuwa akiuona mji wake kwa mara ya kwanza, alimuuliza dereva ni njia gani. Kiti cha kulalia cha Vuai kilidondoka garini njiani, na hakuna aliyethubutu kumruhusu akae kwenye kingine kisichopitishwa na Wizara. Kwa hiyo alisafiri wima, kama mnara.

Wakafika. Nyasi mpaka upeo wa macho, na kichuguu kimoja.

Mheshimiwa Bakuza hakutetereka. Alikata utepe uliofungwa kati ya kichaka na kichaka, akashika kipaza sauti, akaanza kuwatembeza. Hapa, ndugu wananchi, ni soko la ghorofa. Pale, mnaona wenyewe, ni mnara. Viongozi wakaona. Katibu alinyanyua miguu akipanda ngazi za benki. Mkuu wa polisi alisimama kidogo kupisha magari. Meya akaegemea kichuguu, akasema ofisi yake ina upepo mzuri.

"Funga dirisha, Meya," Bi Mashavu akamwambia, "utapata mafua."

"Na hapa," Mheshimiwa akamalizia, "tuliposimama sasa, ni hospitali ya rufaa, yenye vitanda vingi kuliko hospitali yoyote katika ukanda huu. Wodi hii ni ya wanaume." Waandishi wa habari wakaandika. Kisha akaamuru Mgongo wa Taifa asogee mbele, mama aanguke, shughuli iishe.

Vuai akasogea. Jua lilikuwa kali. Bi Mashavu alisimama mbele yake, amejiandaa kwa matusi ya mwisho, akamwona anayumba. Aliijua miyumbo yote ya mtoto yule, alimfundisha yeye. Huu hakuufundisha yeye. Midomo ilikuwa myeupe, na magoti yalikuwa yanatetemeka kila moja peke yake.

"Huyu anaumwa," akasema.

"Mgongo wa Taifa hauumwi," Mheshimiwa akajibu.

"Mgongo ni wa taifa. Miguu ni ya marehemu mama yake, na imechoka." Sasa sauti ya Bi Mashavu ilikuwa imepanda, na mkono uko kiunoni. "We baba una moyo au una marumaru? Umenipa mji na vyote vilivyomo. Umenipitisha kwenye wodi, umenionyesha vitanda mbele ya watu wote hawa. Halafu mgonjwa anasimama juani mlangoni pa hospitali yangu? Apewe kitanda."

Wajukuu zangu, hakuwa na ujanja wowote siku ile, nawaapia. Alikuwa na hasira tu. Lakini waandishi walikuwa wameinua kalamu, na malaki ya watu wamekodoa macho, na Mheshimiwa akaona mambo yamembana. Akisema hapana, ataulizwa kwa nini, na jibu ni kwamba vitanda havipo. Na kama vitanda havipo, basi na soko, na mnara, na kura zile. Sheria ya Mgongo ilikataza kitanda, ndiyo, lakini sheria aliitunga yeye, na nyingine angeitunga palepale.

"Apewe kitanda," akasema kwenye kipaza sauti.

Vuai akatazama nyasi. Akamtazama Bi Mashavu. "Kipi, mama?"

"Chagua mwanangu. Vyote vimetandikwa."

Akayumba mara moja, kama mtu anayekumbuka kitu alichosahau nyumbani. Kisha akaja. Mzimamzima, mgongo wote kwa pamoja, kama zamani. Kishindo kikasikika mpaka kwenye malori, yangeyange wakaruka wote, na vumbi likapanda pande zote za mgongo uliokuwa haujaona vumbi kwa miaka. Kina mama wakashika vinywa. Na Pandu, aliyefuata msafara kwa baiskeli yake, mkono ukiwa umezoea kutangulia akili, akajikuta amepiga goti na anapiga chini.

"Moja. Mbili. Tatu." Akatazama kiganja chake kwa mshangao. "Bingwa ameanguka."

"Hajaanguka," Mheshimiwa akafoka. "Mpumbavu wewe. Amelala kitandani. Hii si ardhi."

"Mheshimiwa, nina jicho moja," Pandu akasema, "lakini nyasi naziona."

"Si ardhi! Ni kitanda."

"Hapa alipo kichwa ni kitanda. Na hapa miguuni je? Na pale kwenye lile kundi la siafu?"

Ninyi mnawajua wakubwa. Mkubwa akishikwa kwenye uongo mdogo haurudishi nyuma; huupanua mpaka wote mwenee ndani. Mheshimiwa Bakuza akatandaza mikono, akatangaza kwa ile sauti yake ya sikukuu kwamba yote hii mnayoiona, kuanzia miguuni pake mpaka mwisho wa macho yenu, na popote katika nchi hii ambapo mgongo wa mtu utagusa, si ardhi. Ni kitanda. Vipaza sauti vikakoroma.

Ikawa sheria.

Bi Mashavu alisimama akilitafuna neno hilo. Halafu, polepole, mama mzito yule akakaa chini, akanyoosha miguu, akajilaza chali ubavuni pa Vuai. Mgongo wa mwisho wa kundi la mnadani.

"Pandu," akaita, "hesabu."

Pandu akakuna kichwa. "Nahesabu nini, bibi? Mtu akiwa kitandani mwake hahesabiwi."

Watu walichelewa kidogo kuelewa, kisha wakaelewa wote kwa pamoja, na safari hii walicheka kicheko chao cha mnadani. Mheshimiwa alikibwaga kipaza sauti kwenye nyasi, akapanda gari lake, akaondoka bila kufunga mlango.

Kundi la Bi Mashavu halijafa, maana hakuna mgongo wake utakaogusa ardhi, na mnada haujawa maegesho. Vibali vya kuanguka havitakiwi tena, kwani nani anaomba kibali cha kwenda kulala? Ulingo Mkuu ndio uliokufa. Bingwa yeyote wa huko akimtupa mpinzani, mpinzani hupangusa kaptula na kusema kuwa alijipumzisha tu. Na Neema Mpya kuna ulingo sasa, na vibanda viwili vya chai, na kisima walichokichimba wenyewe. Lami bado.

Vuai yeye alilala palepale alipoangukia. Alilala siku hiyo na iliyofuata, Bi Mashavu akimkinga jua kwa kanga na kuwafukuza waandishi kwa kandambili. Sasa kile kipaza sauti kilikuwa kimebwagwa karibu na mdomo wake, nacho hakikuzimwa. Mkoromo ukasikika nchi nzima. Makarani, kwa kuwa kipaza sauti ni cha Mheshimiwa, wakaupiga chapa katika gazeti la serikali pamoja na sheria nyingine. Ndiyo sheria ya kwanza nchini humo iliyotiiwa bila askari. Mpaka leo, ikifika saa sita mchana, watu wote hujilaza chali pale walipo, mahakimu kwa wafungwa, na hakuna anayeuliza adhabu yake ni nini.

Mheshimiwa Daktari Bakuza bado yupo. Hajaanguka. Ataanguka wapi, na ardhi ameifuta mwenyewe? Saa hiyo ya mchana hubaki amesimama peke yake uani kwa Wizara, anawatazama waliolala. Wakimtaja mnadani, huuliza kile kitendawili tena, na hakuna anayetoa mji.

Kivuli, wajukuu zangu, mnajua kinavyokuwa jua likisimama utosini: hata mwenyewe hukikosa miguuni pake.